Kipimo cha CRP katika zahanati moja ya Chake Chake: tathmini ya mteja aliyepimisha mara tatu

Kwa muda wa siku kumi na moja nilimpeleka mama yangu mara tatu kwenye zahanati moja ya binafsi hapa Chake Chake kwa ajili ya kidonda cha mguu kilichoingia bakteria, na mara zote tatu alipimwa kipimo cha damu kinachoitwa CRP, jina la protini ambayo ini huitengeneza kwa wingi mwili unapopambana na maradhi kama hayo. Kila kipimo tulikilipia shilingi 15,000, fedha ambayo kwa mkulima wa mwani si ndogo, na majirani kadhaa wameniuliza kama huduma hiyo inastahiki bei yake. Jibu langu ni kwamba kipimo cha pili kilikuwa na faida kubwa kuliko cha kwanza, na kwamba anayelipia kimoja tu na kuondoka huwa amenunua nusu ya kitu. Sababu ya kusema hivyo imo ndani ya seli zetu wenyewe, na kwa kuwa ninasomesha Bayolojia katika skuli ya sekondari nitaieleza kwa urefu kidogo, kwani bila ya kuifahamu mtu hajui hasa anacholipia.

Mama analima mwani huko Tumbe. Bamvua iliyopita, maji yalipokupwa, alikanyaga gamba la chaza wakati akifunga kamba kwenye vigingi, likamchana unyayo karibu na kisigino. Aliukosha mguu kwa maji yale yale ya bahari, akaufunga kitambaa, akaendelea na kazi mpaka maji yalipoanza kujaa. Siku ya pili mguu ulivimba. Siku ya tatu alikwenda duka moja la dawa, ambalo sitalitaja, akaeleza maumivu yake, na bila ya mtu yeyote kukifungua kile kitambaa akapewa vidonge vya diklofenaki pamoja na vya predinisoloni, akaambiwa ni vya kupunguza uvimbe. Uvimbe ulipungua kweli. Maumivu yakatulia, naye akanipigia simu kunambia kwamba Mungu amemjaalia amepoa. Usiku wa siku ya tano alitetemeka kwa baridi hadi kitanda kikatikisika, na kulipokucha wekundu ulikuwa umepanda mpaka nusu ya muundi. Aliniambia, "Mwanangu, moto haukuzimika, ulifunikwa tu." Sijapata kusikia maelezo sahihi zaidi kuliko hayo kutoka kwa mtu yeyote, msomi au asiyekuwa msomi.

Tulifika zahanati siku ya Jumatatu, kiasi cha saa nne asubuhi, kwa daladala ya Konde. Mlango wake una vidato vinne virefu na hauna hata kiguzo cha kushikia. Mgonjwa wa mguu hupandishwa kwa kubebwa, jambo ambalo wenye zahanati wanapaswa kulirekebisha. Mapokezi palikuwa na utulivu na hatukukaa zaidi ya nusu saa. Kijana aliyetuandikisha alitupendekezea orodha ya vipimo vya jumla, kikiwemo cha Widal cha homa ya matumbo, na nilipomuuliza homa ya matumbo inahusiana vipi na kidonda cha unyayo alikifuta bila ya ubishi. Ningependa zaidi kama asingekiandika kabisa, maana si kila mteja atauliza.

Tabibu ndiye aliyenifanya niiamini huduma. Alimwamkia mama kwa heshima, akakaa chini kabisa kwenye kigoda ili mguu uwe usawa wa macho yake, na swali lake la kwanza lilikuwa ni dawa gani zimeshatumika. Alipoziona zile pakiti alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mama asinywe tena hata kidonge kimoja. Alitoa kalamu ya wino, akazungusha mstari kuufuata ukingo wa wekundu kwenye muundi, akaandika juu ya ngozi siku na saa. Alihesabu pumzi za mama kwa dakika nzima akitazama saa yake, akapima shinikizo la damu, akapima sukari kwa sababu kidonda cha mguu kwa mtu wa umri ule hakitibiwi bila ya kuijua sukari, na akamuuliza mambo mepesi ya kujua kama akili yake imetulia. Alituambia waziwazi kwamba lau angekuta shinikizo limeshuka au pumzi zimekwenda mbio, asingetuchukulia fedha yoyote bali angetupeleka hospitali saa ile ile.

Alichokuwa anakitafuta katika hesabu ile ya pumzi kinahitaji maelezo, na maelezo hayo yanaanza mbali kidogo. Mitaani kwetu uvimbe, wekundu, joto na maumivu huhesabiwa kuwa ndio maradhi yenyewe. Mambo hayo manne kwa pamoja huitwa mchochota, na anayeufanya mchochota ni mwili, kwa makusudi yake. Bakteria anapoingia kwenye jeraha huwa amebeba kwenye ganda lake vipande ambavyo seli ya binadamu haiviundi kamwe. Chini ya ngozi zinakaa seli za ulinzi ziitwazo makrofaji, nazo zina vipokezi vya kuvitambua vipande hivyo. Kipokezi cha TLR4 hunasa lipopolisakaraidi, ambayo imo katika ganda la nje la baadhi ya bakteria. TLR2 hunasa lipoprotini za bakteria kama stafilokokasi, ambaye ni miongoni mwa wanaoonekana sana kwenye vidonda vya ngozi. TLR5 hunasa protini ya ule mkia ambao bakteria wengine huogelea nao. Elimu hii ni changa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake walionyesha kwamba nzi wa matunda mwenye hitilafu katika jeni ya Toll, ambayo ndiyo iliyovipa vipokezi vya TLR jina lao, hawezi kujikinga na kuvu, na mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake wakaonyesha kwamba panya wasioitikia lipopolisakaraidi wana kasoro katika jeni ya TLR4. Wawili hao walikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2011, wakati mimi nimeshakuwa mtu mzima na nimeshasoma kitabu cha skuli ambacho hakikuwa na hata neno moja la habari hizo.

Kipokezi kikishanasa, habari lazima ifike kwenye kiini cha seli, na hapa pana jambo ambalo kila nikilisomesha huniongezea hamu. Katika seli iliyotulia kuna protini iitwayo NF-kappa-B, iliyotambuliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore. Protini hii imezuiliwa nje ya kiini na protini nyingine, I-kappa-B, mfano wa dau lililofungwa kamba kwenye mkoko. Habari inayotoka kwenye kipokezi hupokezanwa na protini kadhaa, moja ikiiamsha nyingine, mpaka kamba ile inapotiwa alama ya fosfeti na kuharibiwa. Dau linafunguka, linaingia kwenye kiini, na jeni nyingi zinawashwa, zikiwemo za protini ambazo seli hupelekeana habari kwazo: za TNF, za interlukini-1, za interlukini-6. Sasa, miongoni mwa jeni za mwanzo kabisa zinazowashwa imo jeni ya I-kappa-B yenyewe. Dau huingia likiwa limebeba kamba mpya ya kulifunga. Maana yake ni kwamba amri ya kuwasha na amri ya kuzima hutoka pamoja, na iwapo bakteria bado wapo na vipokezi vinaendelea kunasa, kamba mpya nayo huharibiwa na dau huingia tena. Bakteria wakiisha, kamba hubaki na dau hutulia. Kidonda kinachopona na kidonda kinachooza vinatofautiana kwa kiasi kikubwa hapo.

TNF na interlukini-1 huitanua mishipa midogo ya jirani na kuzifanya kuta zake zipitishe maji na zinate, ili nyutrofili, seli nyeupe za ulinzi zinazopita kwenye damu, zinase ukutani, zipenye na kuwafikia bakteria. Huo ndio uvimbe na huo ndio wekundu. Prostaglandini, kemikali nyingine za ishara zinazotengenezwa na seli, huongeza maumivu, na zikifanya kazi kwenye ubongo huleta homa. Interlukini-6 husafiri kwa damu mpaka kwenye ini, na ini likipata habari hiyo huanza kutengeneza CRP kwa wingi, protini inayojishika kwenye fosfokolini iliyo juu ya bakteria na ya seli zilizoharibika na kuzionyesha kwa walinzi wengine. William Tillett na Thomas Francis waliigundua mwaka 1930 huko New York katika damu ya wagonjwa wa kichomi. Kazi inapokaribia kumalizika, makrofaji huzila nyutrofili zilizokufa, na kule kuzila kwenyewe huzibadilisha: huanza kutoa interlukini-10 na ishara nyingine za kutuliza na kujenga. Mchochota, basi, hausiti kwa kuchoka. Unasitishwa, kwa ishara zake maalumu.

Kwa kuyajua hayo, mtu anaweza kuona kosa la duka la dawa lilikuwa wapi. Predinisoloni huigiza homoni ya kortisoli, huingia ndani ya seli na kuizuia NF-kappa-B isizitumikishe jeni za mchochota. Diklofenaki huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Zote mbili ni dawa za heshima na zina mahali pake. Hata katika baadhi ya homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria madaktari hutoa deksamethasoni, dawa ya jamii moja na predinisoloni, lakini huitoa pamoja na dawa ya kuua bakteria na mgonjwa akiwa chini ya macho yao. Mama alipewa vidonge viwili vya kunyamazisha habari na hakupewa hata kimoja cha kuwaua wanaosababisha habari hiyo. Siku mbili za kutulia zilikuwa ni siku mbili za bakteria kuzaliana.

Upande wa pili wa hatari ndio aliokuwa akiuangalia tabibu alipohesabu pumzi. Ishara zile zile za TNF na interlukini zikitoka kidondani na kuenea katika damu nzima, mishipa ya mwili mzima hutanuka na kuvuja, shinikizo hushuka, na viungo kama figo na mapafu hukosa damu ya kutosha. Hali hiyo huitwa sepsisi, na tangu mwaka 2016 wataalamu wa dunia wanaifasili kuwa ni kushindwa kwa viungo kunakotishia uhai, kutokana na mwitikio wa mwili uliotoka katika mpango wake. Katika miaka ya 1990 watafiti walijaribu kuizuia TNF kwa wagonjwa wa sepsisi wakitarajia kuwaokoa, na matumaini yale hayakutimia. Habari za seli zinahitajika na zinadhuru, kutegemea kiasi, mahali na wakati, na ndiyo maana kipimo kinachotuonyesha mwenendo wa habari hizo ni kitu cha thamani.

Maabara ni chumba kidogo kilicho safi. Mtaalamu alivaa glavu mpya, akaifungua sindano mbele yetu, akamchoma mama kidole, akalifuta tone la kwanza na kulichukua la pili. Mashine yenyewe ni ndogo kama redio ya mkononi, na baada ya dakika chache ilitoa namba: miligramu 148 kwa lita. Kwa mtu mzima kiwango huwa kwa kawaida chini ya 10, na kikipindukia 100 bakteria ndio wanaoshukiwa mwanzo, ingawa si wao peke yao wanaoweza kukifikisha huko. Ninamsifu mtaalamu huyu kwa jambo moja: alituambia kabla hatujauliza kwamba namba ile haisemi ni bakteria gani wala yuko wapi, kwamba CRP hupanda pia kwa ajali, kwa upasuaji na kwa maradhi ya viungo, na kwamba mtu akipima ndani ya saa chache za mwanzo anaweza kupata namba ndogo wakati maradhi yanakuja, kwa kuwa ini huchukua kiasi cha saa sita hadi nane mpaka kiwango kianze kupanda, na siku mbili hivi kukifikisha kileleni. Anayeuza kitu na akakueleza mipaka ya kitu hicho anastahiki kurudiwa.

Tabibu alikisafisha kidonda, na kwa koleo ndogo akatoa kipande cha gamba chenye ukubwa wa punje ya mchele, cheupe, kikali upande mmoja, akakiweka juu ya pamba ili mama akione. Mama alikitazama kwa muda mrefu. Alichomwa sindano ya kinga ya pepopunda, akapewa viuavijasumu vya wiki nzima, akaamriwa kuuinua mguu na kurudi baada ya siku tatu, au saa yoyote iwapo wekundu utauvuka mstari wa wino.

Alhamisi, saa ile ile ya nne, namba ilikuwa 39. Hapa ndipo ninaposema kwamba tulipata haki ya fedha yetu. CRP ina tabia moja adhimu: nusu yake huondoka katika damu kila baada ya kiasi cha saa 19, na mwendo huo hauchezi kwa mgonjwa wala kwa mzima. Kwa hiyo kinachoipandisha au kuishusha namba ni kiasi ambacho ini linatengeneza, na ini linatengeneza kwa kadiri ya habari linayoipata kutoka kidondani. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu kwenye bahasha. Baina ya kipimo cha kwanza na cha pili zilipita saa 72. Lau ini lingeacha kabisa kutengeneza tangu Jumatatu, namba ingeshuka kutoka 148 hadi karibu na 11. Ilikuwa 39. Maana yake ni kwamba amri ya kuwasha ilikuwa imepungua sana na bado haijakatika, na kilichoonekana kwa macho kilikubaliana na hesabu: wekundu ulikuwa umerudi nyuma ya mstari kwa upana wa vidole vitatu, ila karibu na kisigino ngozi ilikuwa bado ya moto. Tabibu alisema dawa ni hizo hizo na zimalizwe zote. Kwa kipimo kimoja cha Jumatatu pekee tungejua tu kile ambacho mguu ulikuwa unatuambia wenyewe, kwamba mama anaumwa.

Ninazo kasoro za kuwaeleza wenye huduma. Karatasi ya majibu ilikuwa na tarehe lakini haikuwa na saa ya kuchukuliwa damu, na kipimo ambacho maana yake yote imo katika saa zilizopita hakifai kuandikwa bila ya saa. Mimi nilikumbuka kwa sababu niliandika kwenye simu. Sehemu ya kufungia vidonda imetengwa kwa pazia fupi, na mwanamke aliyepandishwa nguo mguu ukiwa umeinuliwa haoni raha watu wakipita. Siku ya Ijumaa hufunga saa tano na nusu na hawafungui tena hadi Jumamosi, kwa hiyo anayehitaji kupimwa mara ya pili na azipange siku zake mapema. Bei haikubandikwa mahali popote; tuliambiwa kwa mdomo, ingawa haikubadilika mara zote tatu. Tena, anayekwenda kwengine kwa kipimo hiki na aulize kama kinatoa namba, kwa sababu vipo vipimo vya kikaratasi vinavyotoa mstari wa ndiyo au hapana tu, na mstari huo hauwezi kukuonyesha kushuka kutoka 148 hadi 39.

Alhamisi iliyofuata tulirudi mara ya mwisho. Mama alivipanda vile vidato vinne mwenyewe, akinishika bega. Namba ilikuwa 7, jeraha limeziba, na mstari wa wino ulikuwa umefifia juu ya ngozi iliyoanza kubambuka. Mtaalamu wa maabara, ambaye wiki iliyotangulia nilimweleza habari ya saa, alinipa karatasi ya majibu, na kwenye pembe yake, kwa mwandiko wa mkono, alikuwa ameandika: saa 4:10 asubuhi.